Mama Kiti wa Majengo

Kabla mtaa haujambandika jina la Mama Kiti, Oliva, mama yake Judica, alikuwa miongoni mwa wanawake wa Majengo waliogongewa mlango kwanza mtu akifa. Hakuitwa akalie. Waliaji Songea hawajawahi kupungua. Aliitwa kwa sababu alijua sufuria la watu mia linameza unga kiasi gani, alijua kuni zenye moto na kuni zenye moshi mtupu, na alikuwa na mgongo. Akishika mwiko kusonga ugali, hakuinuka kupumzika mpaka ugali uive. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Edna, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye mtaa ulimwita Mama Goodluck. Edna ndiye aliyepanga nani ateke maji, nani achambue maharage, nani akae ndani na wafiwa.

Sheria ya wanawake wale ilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kuiandika popote. Mfiwa hagusi kazi. Hata akinyoosha mkono kuokota kikombe, ananyang'anywa na kurudishwa kwenye mkeka. Ila ili usiguse kazi siku yako, lazima uwe umeigusa siku za wenzako. Mwanamke anayekula ugali wa misiba ya watu bila kuteka hata kopo la maji, wanamwangalia tu. Hawamsemi sana. Wanamngoja.

Miaka saba iliyopita alifariki mama mkwe wake Edna. Siku ya pili ya msiba ule, Oliva na Edna waliipua sufuria la maharage, huyu kashika sikio hili, yule kashika lile. Kipande cha gunia alichoshikia Edna kikashika moto, na Edna akaachia. Nani asingeachia? Oliva naye angeweza kuachia, lakini chini yao walikaa wanawake wanne wakikata nyanya, na maharage yale yangewamwagikia miguuni. Basi akalishika lote yeye peke yake, akajipinda nalo, akalitua. Akasikia kitu kimekatika kiunoni, au alidhani amesikia. Watu wakacheka kwa woga ulioisha, wakasema Mama Judica ana nguvu za trekta, na kazi ikaendelea. Alimaliza siku tatu za msiba akiwa wima.

Juma moja baadaye alishindwa kutoka kitandani. Na hapo ndipo jambo lilipoharibika, maana angeanguka pale pale jikoni, mbele ya sufuria, mtaa mzima ungekuwa shahidi. Alianguka chumbani kwake. Edna alikuja kumpa pole, akatazama, akasema, "Lakini shoga, msibani tulifanya wote, mbona sisi wazima?" Yale ya gunia kushika moto hakuyataja. Oliva naye hakumkumbusha, akihofia kuonekana anamdai.

Zikafuata sindano za diklo, za kutuliza maumivu. Ukafuata mkanda mpana wa kiunoni wenye vyuma. Akafuata mtaalamu mmoja wa Madaba aliyemchanja chale kumi na mbili na kumwambia ametupiwa kitu. Akafuata daktari mmoja aliyekuwa na haraka zake, aliyemwambia bila kuinua macho, "Usibebe kitu kizito. Pumzika." Oliva alilishika neno hilo kama kiapo. Alipumzika mwaka wa kwanza, akapumzika wa pili, akapumzika mpaka hata kufunga kamba za viatu ikawa shughuli. Mumewe, Rupert, aliyekuwa akienda na kurudi Tunduru kwenye biashara ya vito, alirudi mara mbili akamkuta amelala. Mara ya tatu hakurudi, na habari zikaja kwamba ana nyumba nyingine huko. Binti yao Judica naye alikuwa ameolewa huko huko Tunduru, kwa hiyo hata salamu za Rupert, Oliva alizipata kupitia kwake, kama alizitaka.

Misibani aliendelea kwenda. Lakini mkekani hakuweza kukaa, maana kumwinua kulihitaji watu wawili. Akawa anakwenda na kiti chake cha plastiki, cha bluu. Sasa fikiria. Wanawake wote wamekaa chini, viti ni vya wanaume kule turubaini, halafu katikati ya mikeka kuna mwanamke mmoja juu ya kiti, magoti yake usawa wa vichwa vya wenzake, kama mkaguzi aliyetoka wilayani. Mwaka wa kwanza walimpisha. Mwaka wa tatu walianza kumpisha polepole. Mwaka wa nne Oliva alipita karibu na mafiga akasikia mtu anasema, "Mama Kiti kaja, mpakulieni mapema," na kicheko kikazimwa haraka. Alikula ugali ule. Kuukataa kungekuwa tusi lingine.

Angeweza kuyabeba hayo, kama angekuwa peke yake. Lakini alikuwa na mama yake ndani. Bibi Skolastika alikuwa amevuka miaka themanini, miguu imevimba, moyo unamchosha, akili nzima kabisa. Bibi huyo katika maisha yake alikuwa amepika misiba kuanzia Madaba alikozaliwa hadi Majengo alikozeekea. Jioni moja, akimenya karanga, alisema jambo ambalo Oliva hakulisahau tena.

"Mimi kufa sikatai, mwanangu. Nimechoka hata. Lakini nikifa mimi, nani atakaa jikoni? Wewe umekaa kwenye kiti miaka yote hii. Ndugu zangu watatoka Madaba, watakuta mafiga yamepoa. Nitaaibika nikiwa ndani ya sanduku."

"Watakuja tu, mama. Si wanajua naumwa?"

"Wanajua?" Bibi Skolastika akamtazama. "Haya."

Jambo hilo ndilo lililomtoa Oliva nyumbani. Aliambiwa hospitalini kuna chumba cha mazoezi ya viungo, akaenda, akakuta kijana wa Kiyao wa Tunduru anaitwa Nassoro, mwembamba, mwenye sauti ya upole na mikono migumu.

"Shikamoo mama. Karibu. Huo mkanda uvue kwanza."

Akaiweka picha yake ya eksirei dirishani, akaitazama, akamwinamisha, akamgeuza, akambonyeza. Kisha akakaa.

"Mama yangu, kilichoumia hapa kilipona zamani. Sasa hivi unaumwa na kukaa."

Oliva alipandwa na hasira mpaka machozi yakamlenga. "Kwa hiyo naigiza?"

"Hapana, hapana. Maumivu ni ya kweli, wala usiruhusu mtu akwambie vingine. Ila mgongo huu umeogopa mpaka umesahau kazi yake. Tutaukumbusha kidogo kidogo, inshallah."

Akampa mazoezi. Kulala chali, kukunja magoti na kunyanyua kiuno. Kupiga magoti na kuweka mikono chini kama mtoto anayetambaa, kisha kunyoosha mguu huu na mkono ule. Kutembea kila asubuhi. Kuchuchumaa badala ya kuinama. Ndoo yenye lita tano, wiki mbili, kisha lita saba. Utauma, akasema, lakini kuuma si kuvunjika. Kisha akamwambia neno moja ambalo Oliva angelisikiliza, hadithi hii isingekuwepo.

"Majirani wako waambie. Fanya uwanjani kwako, wakuone. Na siku utakayobeba ndoo iliyojaa, lita ishirini, kichwani, nipigie simu. Nitakuja na pikipiki yangu nione kwa macho yangu."

"Nitafanya hivyo, mwanangu," Oliva akasema, na hakufanya.

Tusimlaumu sana. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mama mkwe wa mtu, apige magoti na kuweka mikono chini uwanjani, makalio juu, Mama Goodluck akichungulia juu ya ukuta? Angeitwa jina jingine kabla ya saa sita mchana. Alitundika vitenge viwili kwenye kamba kati ya jiko na bafu, akatandika mkeka nyuma yake, na huko ndiko alikopona. Matembezi aliyafanya alfajiri, barabara ya kuelekea Matogoro, kanga amejitanda kichwani. Ndoo aliinyanyua ndani, kutoka mlangoni hadi kitandani kwa mama yake na kurudi, Bibi Skolastika akimhesabia hatua kwa sauti na kumtania kwamba hata maharusi hawatembei taratibu namna hiyo. Usiku wa kwanza baada ya lita saba alilia kwa maumivu. Alikuwa tayari kuacha. Asubuhi mama yake akamwambia, "Amka, mimi sina mwaka," akaamka.

Miezi kumi. Lita kumi, lita kumi na mbili, akarudi nyuma, akaanza tena. Siku moja alijikuta ameokota sabuni iliyoanguka bila kufikiri, akasimama nayo mkononi akiitazama kama mtu aliyeokota dhahabu. Furaha aliyokuwa nayo siku ile sitaki hata kuisimulia kwa ukamilifu, kwa sababu najua ilikoishia. Muda wote huo, mtu akibisha hodi, alivaa mkanda na kuketi kwenye kiti cha bluu. Alitaka siku ya kuonekana awe mzima kabisa.

Siku hiyo ilikuja alipofariki mzee Pankrasi, fundi cherehani wa nyumba ya tatu. Oliva aliamka mapema, akajifunga kanga, akakiacha kiti ndani, akaenda bombani na ndoo ya lita ishirini. Alikunja ngata, akachuchumaa kama alivyofundishwa, akajitwika ndoo kichwani, akatembea hadi msibani shingo imenyooka na tone halijamwagika. Njiani alikuwa akitabasamu, Mungu amsamehe, mtu anakwenda msibani anatabasamu. Alikuwa akiona mbele yake nyuso za wenzake zikifunguka.

Aliingia uwanjani. Mazungumzo yakakatika. Aliyekuwa akipepeta akaacha kupepeta. Oliva akaitua ndoo mwenyewe kando ya pipa, akanyooka.

"Kumbe," alisema Edna.

"Nimepona, Mama Goodluck. Nimepona jamani!"

"Juzi Jumapili nilikuja kwako kuomba chumvi. Ulikuwa umekaa kwenye kiti na mkanda wako." Edna hakupandisha sauti. "Umepona tangu Jumapili?"

Oliva akaeleza. Akaeleza chumba cha mazoezi, kijana wa Tunduru, kulala chali, lita tano, lita saba, vitenge kwenye kamba. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyofanana na uongo. Mwanamke mmoja akauliza, mazoezi kama yale ya shule, ya kuruka kichurachura? Wakacheka. Mwingine, aliyekuwa akikata vitunguu, alisema bila kuinua kichwa, "Miaka saba. Mimi nimezaa watoto watatu na kukosa msiba hata mmoja sijakosa."

"Njooni nyumbani niwaoneshe," alisema Oliva.

Hakwenda mtu. Siku tatu zile aliteka maji, akasonga, akaosha masufuria mpaka mikono ikachubuka, na kila alichobeba kilikuwa ushahidi dhidi yake. Akibeba kidogo, anaigiza tena. Akibeba kikubwa, ona alivyokuwa anatuficha! Kwa miaka saba wale wanawake walikuwa na shaka naye, na shaka huwa ina huruma kidogo ndani yake. Sasa aliwaondolea shaka.

Nyumbani, Bibi Skolastika alikuwa amekaa kitandani akimsubiri.

"Wamekuona?"

"Wameniona, mama."

"Na ndoo?"

"Na ndoo, imejaa."

"Wamesemaje?"

Oliva akafungua ngata yake taratibu, akaikunjua, akaikunja tena. "Wamefurahi sana. Mama Goodluck karibu alie."

Bibi kizee akacheka kwa pua, akajilaza. "Basi hicho kiti kakitupe. Mimi sasa niacheni nipumzike." Simu ya Nassoro, Oliva hakuipiga. Angemwambia nini?

Bibi Skolastika alilazwa mwezi uliofuata, akakaa wodini siku tatu, akafariki Jumatano alfajiri. Mwili uliletwa nyumbani asubuhi ile ile ili uzikwe mchana. Wanaume wa mtaa walifika bila kuitwa, wakafunga turubai, wakachukua majembe na kwenda makaburini kuchimba. Wao hawakuwa na neno na mtu. Ndugu wa Madaba walipiga simu wakasema wako njiani, watu kama thelathini. Judica naye alikuwa kwenye basi la Tunduru, ila angefika jioni. Oliva alikaa ndani, kwenye mkeka, kando ya jeneza la mama yake, kitambaa cheusi kichwani, akisubiri kusikia wanawake wakiingia jikoni. Mlio ule anaujua kila mfiwa. Masufuria yanagongana, mtu anaulizia kiberiti, kuni zinatupwa chini puu, na hapo unajua una watu, unaweza kulia sasa.

Akasikia lango likifunguliwa. Akasikia nyayo, nyingi. Masufuria hakuyasikia. Alisikia kitu kingine, kitu kikikwaruza sakafu ya uwanja, kikwaru, kikwaru, akashindwa kukitambua. Akainuka, akachungulia dirishani.

Wanawake wa mtaa walikuwa wamekuja wote. Hakukosa mtu. Walikuwa wamevaa vizuri, kanga za msiba, vichwa vimefungwa. Na kila mmoja alikuwa amebeba kiti cha plastiki. Vyekundu, vyeupe, vya kijani. Waliviweka mstari mbele ya jiko, mafiga yakiwa yamepoa mgongoni mwao, wakakaa, wakakunja mikono mapajani.

Oliva alitoka nje. Akasimama mbele yao.

"Pole sana, Mama Judica," alisema Edna kutoka kwenye kiti chake. "Tumekuja kumlilia mama yetu. Ila utatusamehe, migongo inatuuma."

Sharifa, mke kijana wa muuza nguo, mgeni kati yao, aliinuka nusu akitazama ndoo tupu zilizopangwa ukutani. Mwanamke wa pembeni yake akamshika kanga, akamkalisha.

"Edna," Oliva alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake mbele za watu. "Lile sufuria la maharage. Msiba wa mkweo. Wewe uliachia."

Edna alimtazama. Kitu kilipita usoni pake, na kwa kitambo kile Oliva alidhani mambo yamekwisha, kwamba Edna atainuka. "Miaka saba hukusema," alijibu. "Leo ndiyo unakumbuka?" Akageuza uso upande wa barabara.

Thelathini wa Madaba walikuwa njiani. Jeneza lilikuwa ndani, na ndani ya jeneza alikuwa mwanamke aliyekufa akiamini kwamba mafiga yake yatawaka. Oliva alirudi ndani, akaweka kiganja juu ya ubao wa sanduku lile kwa muda mfupi, akavua kitambaa cheusi ili atengeneze ngata, akakitazama, akakifunga tena kichwani. Akachukua kanga ya mama yake iliyokuwa juu ya kitanda, akaikunja ngata. Akachukua ndoo.

Safari ya kwanza alipita mbele ya viti macho yake yakiwa chini. Ya pili akaomba mgongo uume. Aliomba kwa moyo wote, jinsi alivyoomba miaka saba upone. Ukate tu, ukate hapa hapa mbele yao, nianguke na ndoo yangu, waamini. Mgongo ukakataa. Ulikuwa umepona, umepona kabisa, mshenzi ule. Uliyachukua maji kama mgongo wa msichana. Safari ya tatu aliwasha moto, na moshi ukawaelekea wenye viti, wakafuta macho, mtu angedhani wanalia.

Alikuwa akirudi safari ya nne pikipiki ilipozimwa langoni. Alikuwa Nassoro. Habari za kifo alizipata wodini, akaomba ruhusa kazini, akaja na kofia yake mkononi. Alimwona Oliva akija kutoka bombani, shingo imenyooka, mabega yametulia, ndoo ya lita ishirini imejaa hadi ukingoni na haichezi. Uso wa kijana ukafunguka. Hakuweza kuuzuia, ulifunguka kwa furaha tupu, ya mtu anayeona kazi ya mikono yake. Kisha akaona kitambaa cheusi. Kisha akaona viti.

"Mama," alisema polepole. "Si wewe ndiye mfiwa?"

Akanyoosha mikono kuipokea ndoo. Oliva akageuka kidogo, mikono ikabaki hewani.

"Mgongo unauma?" akauliza, maana hakujua aulize nini kingine.

"Hauumi," Oliva akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha mwisho. "Hauumi hata kidogo. Uliniambia siku nikibeba ndoo iliyojaa nikuite uje uone. Samahani, baba, sikukuita. Haya, umeona."

Akachuchumaa kama alivyofundishwa, akaitua ndoo, akamimina maji kwenye pipa. Pipa lilikuwa bado halijafika nusu. Akaichukua ndoo tupu, akarudi bombani.